Ombi la Tatu la Mama Pacha

Jumatatu, 3 Juni

Kompyuta mpya ofisini. Ya zamani fundi ameibeba mikononi kama mgonjwa. Nimefungua programu ya uhamisho – humo ndimo ninamoingiza maombi ya wauguzi wanaotaka kuhama vituo – na juu ukatokea ule ukanda wa njano: Onyo la usalama, makro zimezimwa. Pembeni kitufe, Ruhusu. Miaka minne nimekibonyeza kila asubuhi kabla hata sijavua koti. Leo fundi kanishika mkono. Anasema makro ni amri zinazojiendesha zenyewe faili likifunguka, na hizi hajui zinafanya nini. Nisiruhusu mpaka azikague.

Nikamwambia aliziandika Mzee Stempu, aliyekalia kiti hiki kabla yangu.

"Huyo mzee unamwamini?"

Nimemwona mara moja tu, siku aliponikabidhi funguo.

Ndiyo mazungumzo yangu yote ya leo. Chumbani nimekula nimesimama.

Jumatano, 5 Juni

Bila makro vitufe vyote vimekufa. Sichapi barua, sichapi orodha. Naingiza maombi tu. Majina 43. La Mama Pacha lipo, tangu tarehe 12 Machi. Mke wangu, muuguzi kule nyumbani, anataka kuhamia huku. Nililiingiza mwenyewe. Ombi la tatu hili. Yale mawili yalitoka kwenye orodha kimya kimya. Jina likitoka, maana yake Mkuu amelipitia na kulikataa – ndivyo nilivyoelezwa nilipoanza kazi.

Jumapili, 9 Juni

Nimepiga nyumbani. Pacha wameongea wote kwa mkupuo, kisha wakakimbilia mchezo wao. Mama yao akachukua simu. Akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza bei ya sabuni.

"Baba Pacha, hayo makaratasi yanapita mikononi mwako. Mwaka wa nne huu. Kama hutaki nije, si useme tu?"

"Naingiza, mama. Mkuu ndiye anayekataa."

"Anatoa sababu?"

"Hatoi."

"Basi sawa."

Hiyo "basi sawa" yake naijua. Hapo hata ukimbembeleza vipi haongezi neno.

Mchana kutwa nimefua shati moja.

Alhamisi, 13 Juni

Fundi amerudi. Amezikagua, hazina virusi. Salama, ruhusu.

Nikabonyeza. Majina yalikuwa yamefika 51. Yakawa 38. Mbele ya macho yangu! Nikatafuta la Mama Pacha. Halipo.

Lakini Mkuu yuko safarini tangu Jumatatu. Nani kamkataa?

Nikamwomba fundi anifungulie hiyo makro. Akanisomea polepole: kila faili linapofunguliwa, ombi lililozidi siku tisini liondolewe kwenye orodha, lipelekwe jedwali jingine. Jedwali lenyewe limefichwa. Akalifichua. Majina 212. Mama Pacha yumo mara tatu.

Kamati ya uhamisho hukaa mara moja kwa mwaka, Desemba. Aliyeomba Machi hawezi kufika mezani kwao. Hawakumkataa mke wangu. Hawakuwahi kumsoma.

"Niliposema salama," fundi akasema huku anakuna shingo, "nilimaanisha haiharibu kompyuta."

Akaenda zake. Nimekaa pale mpaka mfagizi akaniuliza kama naumwa. Mzee Stempu aliandika amri. Aliyekuwa akiiruhusu kila asubuhi ni mimi.

Ijumaa, 14 Juni

Nimempata Mzee Stempu kwa simu. Hakukana. Aliambiwa orodha iwe fupi, kamati isichoke. Wenye watu wao ofisini huambiwa walete maombi Oktoba.

"Kwani wewe hukuambiwa?"

"Aniambie nani, mzee? Nakaa peke yangu humu."

"Pole, mwanangu."

Nikachapa majina yote 212. Kurasa tisa. Mkuu aliporudi saa tano nikampelekea. Alizisoma, akainuka, akafunga mlango. Nilidhani atafoka. Aliongea kwa upole kuliko siku zote. Barua ya uhamisho ya mke wangu anaisaini leo leo, ahamie kabla ya mwezi kwisha. "Familia ni muhimu, bwana. Hizi kurasa nyingine niachie mimi. Zisitoke humu."

Akasaini. Akanipa barua.

Niandike ukweli, hapa hapana wa kunihukumu: nilisema asante. Tena nilisema mara mbili.

Jumamosi, 15 Juni

Nimempigia asubuhi. "Imesainiwa." Akacheka, kicheko kile cha zamani, kile kinachoishia kwenye kikohozi. Akawaita pacha. Akaanza kuuliza maswali – chumba kina madirisha mangapi, jiko liko ndani au nje, kitanda chetu kitapita mlangoni? Nikapima mlango kwa shubiri huku simu iko sikioni. Kitapita, tukikilaza ubavu.

Akaniomba radhi kwa yale ya Jumapili. Nikasema yamekwisha.

Halafu akaniambia, "Na mwenzangu je? Yule wa wodi ya wazazi, aliyemwacha mtoto kwa bibi yake. Tulijaza fomu siku moja, meza moja, kalamu hiyo hiyo. Atakuwa amepata na yeye. Hebu niangalizie nimpe habari njema, yuko hapa jikoni."

Sikuwa na haja ya kuangalia. Ukurasa wa saba, mstari ulio chini ya mke wangu.

Nikasema, "Ngoja nitazame, nitakupigia."

Hiyo ilikuwa saa nne. Sasa ni saa saba na robo. Barua iko mezani. Nakala ya zile kurasa tisa imo ndani ya begi – Mkuu hakuuliza kama ipo. Simu imeita mara mbili, sikupokea.

Inaita tena.