Nimerithishwa kicheko cha baba mkwe na kimenishinda

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijacheka tena. Mimi ni fundi saa, mtu mzima mwenye mke na akili timamu, kazi yangu ni kuinamia meza na kushika pumzi ili skrubu ndogo zisipeperuke, na hata kwenye picha za harusi yangu nimefunga mdomo kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, lakini tangu baba mkwe atangulie mbele ya haki mimi ndiye niliyekabidhiwa kicheko chake.

Nieleze kidogo usije ukanidhania vingine. Huku ukweni mtu akifariki, zikishagawiwa nguo vinagawiwa na vipaji, maana wanasema mtu kuzikwa ni lazima lakini alichojaliwa kuzikwa naye ni uzembe. Marehemu alikuwa fundi makochi na alijaliwa mengi. Mke wangu alipewa mluzi wake, na anautendea haki. Shemeji yangu mkubwa alipewa jicho la mzee la kukisia uzito wa mteja kabla hajakaa, ili ajue kochi litiwe springi ngapi, naye analitumia kwa kila anayekutana naye, juzi alimtajia mwalimu mkuu kilo zake mbele ya wazazi wenzake, hakukosea hata moja, na sasa watoto wanatafutiwa shule nyingine. Shemeji yangu mdogo alipewa kusinzia ameketi na kikombe cha chai mkononi bila kumwaga. Ameshaungua magoti yote mawili na bado hajakata tamaa.

Kicheko kilinijia kwa makosa. Siku ya mazishi nilijizuia kulia, nikajizuia, mpaka kilio kikatoka chenyewe kwa vishindo na kwikwi juu yake, na mama mkwe akageuka akasema, "Hicho hapo. Kimeshapata pa kukaa." Watu wakanikumbatia, mke wangu akanishika mkono kwa fahari ambayo sijaiona tangu tuoane, na mimi nikakosa mdomo wa kusema kwamba nilikuwa nalia tu.

Sasa kila Jumapili ya mwisho wa mwezi tunakutana kwa mama mkwe kumkumbuka mzee, kila mtu anaonyesha alichoachiwa, na zamu yangu ikifika wananikalisha kwenye kochi lake, kwa sababu mzee alipocheka springi zilikuwa zikiitikia. Nililiona hilo kwa macho yangu miaka yote: mama mkwe anapita na sinia, uso mkavu kabisa, anainama na kumnong'oneza mzee jambo sikioni, halafu mzee anaanza kutikisika toka tumboni mpaka kochi zima linalia. Mimi nikicheka, kochi kimya. Mama mkwe anafumba macho, anasikiliza, kisha anasema, "Sicho," na kurudi jikoni. Ni hilo neno tu, na yeye alikuwa mama wa maneno mengi, lakini tangu afiwe hazungumzi na mtu.

Nimefanya mazoezi dukani mpaka wateja wamepungua. Mmoja alikuja kufuata saa ya marehemu mama yake akanikuta nacheka peke yangu, akaondoka nayo mbovu vilevile.

Kumbukumbu ya mwaka imekaribia na ukoo umeamua nikishindwa tena kicheko kihamie kwa mume wa shemeji yangu mdogo, muuza mabati, mtu anayecheka hata akisoma maelezo ya dawa. Ungedhani nitashukuru, lakini mshauri, sitaki kukitoa. Mzee alikuwa akija dukani kwangu jioni akisingizia saa yake inachelewa, saa isiyo na kasoro yoyote, anakaa tu, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kukaa na mimi bila kunitaka niongee. Nilimpenda mzee yule. Wakininyang'anya kicheko sitabaki na chochote chake. Je, nitafute mwalimu wa kucheka, au niseme ukweli kwamba nililia?

Fundi Saa, ninayetetemeka nikiona kochi

Mwanangu Fundi Saa,

Pole kwa msiba, na pole kwa ukwe ulioupata. Tafadhali mwambie huyo shemeji yako mkubwa asipite mtaani kwangu.

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini wewe itabidi uambiwe. Ukiletewa saa iliyosimama huisukumi mishale kwa kidole, unafungua mgongo uone nini kilikuwa kinaiendesha. Kicheko cha mzee umekisukuma mishale mwaka mzima. Kilichokuwa kinakiendesha umeniandikia mwenyewe kisha ukakipita: mama anapita na sinia, anainama, ananong'ona. Mzee hakuwa akichekea hewa. Mmegawana kila kitu cha marehemu mkamsahau aliye hai, mwenye kipaji kuliko nyote, na tangu mazishi hana sikio la kukitilia. Mnamkalisha kama hakimu, kumbe fundi ndiye yeye. Mngeona haya kidogo.

Na hilo la kulia acha kujishtaki nalo. Unadhani mwanamke aliyeishi na mtu umri wote hajui kutofautisha kicheko chake na kilio cha mkwe? Alijua unalia. Alisikia kuna mtu mwingine pale aliyeumia kama yeye, akakuchagua.

Kwa hiyo sahau mambo ya mwalimu, na usingoje siku ya kumbukumbu. Kesho funga duka mapema, nenda peke yako, mwambie mama umesikia saa yake ya ukutani inachelewa. Ni uongo, najua, lakini ni uongo wa mzee, na hicho ndicho kipaji alichokuachia wewe kabla ukoo haujakaa kugawana. Kaa kwenye kochi, nyamaza, kazi hiyo unaiweza. Asipokusemesha, rudi kesho yake na uongo uleule.

Iko siku atapita na sinia na kuinama. Hapo mpe sikio na usijitahidi kucheka. Kikija kicheko kije, kikija kilio kije. Kochi litaitikia vyote viwili, na mama hatakwambia tena sicho.