Mchukuzi Afikishwe Kwake

Nyumbani,
Jikoni, kwenye meza ya cherehani,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mwanangu Chiriku,

Hujambo, mama? Mimi sijambo, ni huu mgongo tu unaojifanya una akili zake, na hilo unalijua tangu uko shule. Unakula? Usinijibu kwamba unakula mbele ya kompyuta, maana huko ni kujaza tumbo. Na kile kikohozi ulichokuwa nacho tulipoongea kwa simu, kimekwisha au bado unakibembeleza? Vaa vizito, mwanangu, baridi ya huko naambiwa haina adabu.

Mama yako ni mzima. Anaamka mapema kwenda kuoka mikate kama kawaida yake, anarudi ana unga mpaka kwenye nyusi. Nitamfikia, tulia. Yeye ndiye aliyenifanya niichane barua niliyokuwa nimekuandikia kwanza na kuanza hii.

Mchezo wako wa kompyuta nimeupata. Umeniomba niucheze wote, kisha nikwambie ukweli mtupu kuhusu kile kipande cha Mchukuzi, kwa kuwa wenzako wawili wanataka kikatwe na mwisho wa mwezi huu lazima muamue. Kura yako umenikabidhi mimi. Loo! Wenzako wana washauri waliosomea mambo hayo, wewe unamtafuta shangazi yako fundi cherehani. Haya basi, kaa kitako, nitasema matamu na machungu.

Aliyekuja kuniwashia ni Bwana Waya, yule fundi simu wa jirani. Akaniambia nichague mtu wangu wa kuchezea. Nikaona mabinti wembamba wamejipanga pale, kila mmoja na upanga mnene kuliko kiuno chake, nikataka kuzima. Kumbe nyuma yao kuna mama mnene mwenye shoka! Nikasema huyo huyo. Bwana Waya akaanza kunisomesha, eti huyo ni mzito, hakimbii. Nikamuuliza nani alimwambia kwamba mimi nakimbia.

Chiriku, ile dunia umeitoa wapi? Haki ya Mungu, nilikaa sokoni kwenye ule mji wa mawe bila kufanya lolote, natazama tu. Mvua ikianza, wauzaji wanafunika bidhaa zao, na yule muuza vyungu anarudi mbio kuokota ndara yake iliyobaki kwenye matope. Nani alikuomba uweke ile ndara? Hakuna. Umeiweka kwa sababu una macho. Na nguo zao zimeniua kabisa, mikunjo inaanguka pale pale nguo inapoanguka kweli. Mwambie mchoraji wenu namvulia kofia.

Kingine kilichonipendeza ni kwamba watu wako hawasahau. Mhunzi wa darajani nilimjibu ovyo siku ya kwanza, nikidhani ni mchezo tu, atanifanya nini. Alininunia mpaka mwisho! Kila nikipeleka shoka kunolewa ananipandishia bei na kutazama pembeni. Nilimkasirikia, halafu nikajikuta nacheka peke yangu, kwa sababu mimi mwenyewe wateja wa aina hiyo nawafanyia hivyo hivyo.

Na joka! Nimepanda mlima wote ule na shoka langu, roho juu, nikijua sasa ni kufa au kupona. Nafika, joka linaniuliza nimetumwa na nani. Kumbe linaongea! Basi hapo ulinipatia uwanja wangu wa nyumbani. Tulibishana kuhusu ule mto lilioumeza mpaka likachoka, likautapika maji yakarudi bondeni, na shoka sikulinyanyua. Bwana Waya hakuamini. Yeye alipigana nalo akafa kifo cha aibu mara nyingi sana.

Sasa machungu. Maandishi yenu ni madogo kama mayai ya chawa. Sisi wengine macho yetu yameliwa na sindano, tuhurumieni. Mkoba nao una wazimu: unakubali panga saba na ngao ya chuma, nikitaka kuongeza mkate mmoja unaniambia umejaa. Mkate! Na yule mzee wa kisimani, kila nikipita ananiambia maji yamepungua. Mto nimeshaurudisha, watu wanaoga, yeye bado maji yamepungua. Nilitamani kumtumbukiza.

Kubwa kuliko yote ni wizi. Nilikwama kwenye lile lango la kaskazini, nikazunguka wee, ufunguo sipati. Bwana Waya akaja akaniuliza kama nimefungua masanduku ya watu. Masanduku gani? Eti inabidi niingie nyumbani kwa mjane wa watu, bila hodi, nimfungulie sanduku lake naye amesimama pale ananitazama, nichukue ufunguo na nguo zake nikitaka. Nikasema siibi. Akasema kila mchezaji anaiba, ndivyo michezo hii ilivyo. Mimi nilinunua maziwa kwa yule mjane kila nilipopita, nikingoja anipe mwenyewe, wala hakunipa. Mwishowe niliuchukua ufunguo huku nimeona haya mpaka masikioni. Rekebisha hapo, mwanangu. Hatukukulea hivyo.

Lakini hayo yote ni vumbi la kupangusa. Tuje kwa Mchukuzi.

Ulidhani sitamjua? Mbeba mizigo na nyumbu wake, anamwita kila mtu bosi wangu, hata wachawi, hata mbuzi. Anaimba nje ya sauti. Anakohoa kidogo kabla ya kutoa uongo wake wa kuchekesha. Mara ya kwanza alipokohoa hivyo niliacha kipanya nikashika kifua. Marehemu kaka yangu, baba yako, alikohoa hivyo hivyo tangu tuko watoto, na mama yetu ndivyo alivyojua kwamba anadanganya. Nilimpenda Mchukuzi kupita wote. Nilimbebesha kila kitu ili tu aendelee kulalamika.

Kisha anakufa kule korongoni, mshale uliokuwa wangu unampata yeye. Na mchezo wote unabadilika. Shoka halitoki, ramani haifunguki, mama yangu mnene amembeba mtu mikononi na hawezi kukimbia hata kidogo. Ni kutembea tu, taratibu, barabara ile yote hadi kijijini kwake, nyumbu nyuma yetu. Wasafiri wanasogea pembeni. Hakuna adui, hakuna hazina. Na kuhifadhi mchezo njiani hakuna, ukizima unaanzia tena korongoni.

Nitakwambia kweli kama ulivyotaka. Nilichukia. Nilikuwa na magauni ya watu ya kumaliza, nikaona unanipotezea muda. Nilipofika mlangoni kwake, mkewe anafagia, mchezo ukanipa maneno matatu ya kuchagua. Nikabonyeza la kwanza bila kulisoma vizuri: Mumeo amekufa. Yule mwanamke akaingia ndani akafunga mlango. Basi. Mchezo ukajihifadhi wenyewe hapo hapo, haurudi nyuma, na mlango haufunguki tena. Nilitukana kwa sauti. Nikakaa nikakuandikia kwamba wenzako wana haki, kateni kipande hicho, kinachosha na kinaumiza bure.

Sasa mama yako alikuwa jikoni, akasikia nikitukana. Akatokea akiwa na taulo mkononi.

"Wifi, kuna nini?"

"Huyu mwanamke kanifungia mlango. Nimemletea maiti ya mumewe."

"Ulimwambiaje?"

"Nimemwambia mumeo amekufa, ningemwambiaje?"

Akawa anajifuta mikono iliyokwisha kukauka. Halafu akasema, "Mimi niliambiwa hivyo hivyo."

Chiriku, nimeishi na wifi yangu nyumba moja miaka yote hii na sikuwahi kulisikia hilo. Unajua hamtaji baba yako. Tukimtaja sisi, yeye anakumbuka kitu jikoni. Siku ile alinisimulia, amesimama pale pale. Alikuwa kazini, mikono yote kwenye unga uliokandwa, simu ikalia. Sauti asiyoijua ikauliza kama yeye ndiye mke wa dereva wa lori, akaitikia, ikamwambia, ikakata. Akabaki ameshika simu yenye unga. Hakuna aliyekuja kuketi naye mpaka zamu ilipokwisha. Nami sikumshika hata mkono.

Kesho yake aliporudi kutoka kazini alivuta kiti akaniambia nimwashie mchezo, auanze mwanzo, wa kwake. Mama yako! Yule ambaye kubadilisha idhaa ya redio anaita mtu. Nikamwambia wazi kwamba Mchukuzi atakufa. Akasema anajua, amesikia.

We acha tu, ungemwona. Kila siku akitoka kazini anapanga foleni na cherehani yangu. Alimchagua mganga kijana mwenye fimbo, na malalamiko yake ni kwamba mganga anapuliza mwanga kidogo tu na mtu aliyekatwa tumbo anainuka anakimbia. Nyumbu alimlisha kupita kiasi. Ufunguo wa yule mjane aliuchukua bila hata kufumba macho, nami nilimwambia nimemjua leo. Mchukuzi alipokohoa mara ya kwanza, mama yako aliziba mdomo kwa mkono, na nikajua analia. Alikuwa anacheka, Chiriku. Alicheka mpaka akaegemea meza.

Wakafika korongoni. Akambeba. Mimi nikajidai mwalimu, nikamwonyesha njia ya mkato nyuma ya kinu.

"Usiniharakishe, wifi," akasema. "Safari ile mimi sikuwepo."

Hapo ndipo kichwa changu kigumu kilipofunguka. Kaka yangu alikufa mbali, akaletwa nyuma ya gari la mizigo na watu wasiomjua, tukampokea na kumzika haraka haraka kwa sababu ndivyo ilivyobidi. Mkewe hakumsindikiza. Wewe ulifika udongo umekwisha kukauka, ukasimama uani na begi lako mgongoni, na hakuna aliyejua akwambie nini. Kumbe ulikuwa umekaa huko ughaibuni unamtengenezea barabara. Umemtafutia mtu wa kumbeba kwa mikono na kumleta nyumbani polepole, na watu wampishe. Nililia juu ya gauni la mteja, nikalazimika kulifua.

Mama yako alipita njia ndefu. Alisimama kila kivuli. Bibi mmoja wa barabarani alimpa maji, na mimi bibi huyo sikuwa hata nimemwona, kwa haraka zangu. Njia nzima midomo yake ilikuwa inaimba ule wimbo wa Mchukuzi, nje ya sauti vile vile.

Kwa hiyo kura yangu ni hii, na uwasomee wenzako kwa sauti: msikate hata hatua moja. Kama watu watachoka, wachoke. Kuna mambo mtu anapaswa kuyafanya akiwa amechoka. Mkiweza wekeni mahali pa kuhifadhi mchezo njiani, maana watu wana kazi zao, lakini barabara iacheni na urefu wake. Nimeona magauni mengi yakiharibiwa na mtu aliyekata mahali pazuri kuliko pote. Mchezo wako ni mzuri, mwanangu. Nakupenda na nakuonea fahari, na baba yako angemsimamisha kila mtu njiani kumwambia.

Wasalimie wenzako wote, mchoraji kwanza, na hata hao wawili wenye mikasi. Bwana Waya anakusalimu sana, anauliza joka linapenda kuambiwa nini. Bibi wa ghorofani naye anakusalimu, anasema umwombee magoti yake. Mungu akulinde uingiapo na utokapo, akupe usingizi mzuri na watu wa kula nao.

Nimebakiza jambo moja, la mama yako. Amefika. Yuko mbele ya mlango, yule mwanamke anafagia, maneno matatu yako kwenye skrini, naye hajabonyeza. Amekataa. Kompyuta inawaka tangu juzi, nimehamishia cherehani jikoni, na atakayegusa kitufe ataniona. Nilimuuliza anangoja nini, maana lile neno baya nimeshamwonyesha aliepuke. Akasema neno analijua, ila mlango ule haingii peke yake mara ya pili. Anamngoja mwanawe.

Njoo, Chiriku. Kiti cha pili tumeshakiweka.

Wako akupendaye kwa mdomo wake wote,
Shangazi