Blanketi Lenye Alama ya Pasi

Jumatatu, 4 Machi 1957

Nyumba sita leo, mtaani kwetu Kadutu. Mvua tangu asubuhi, viatu vyote tope. Mademoiselle, Mbelgiji wetu wa foyer, kituo cha akina mama, anauliza kwa Kifaransa. Mimi natafsiri. Yeye anajaza karatasi: kitanda, sufuria, blanketi, nyama mara ngapi. Serikali inataka kujua nani hasa ni maskini, watoto wao wapewe maziwa ya unga. Nyumba zote safi. Kila kitanda kina blanketi jekundu. Nimejivuna. Hao ni watu wa kwetu.

Jumanne, 5 Machi

Kwa Maman Furaha. Mume wake anabeba matofali kiwandani. Mtoto wao, Furaha, ana mwaka na nusu. Nywele zimegeuka rangi, miguu imevimba. Nilimgusa, hakulia. Mtoto wa umri huo!

Kitandani, blanketi jekundu. Mademoiselle akaandika kwamba wanajitosheleza. Basi, hakuna maziwa.

Kwenye pindo niliona alama nyeusi ya pasi. Niliiunguza mimi mwenyewe, nikiwa na miaka kumi na miwili. Nilichapwa kwa ajili yake. Ni blanketi la mama yangu.

Mademoiselle alirudia swali mara tatu, ndipo nikatafsiri.

Baadaye nilimuuliza mama. Hakukana. Sisi tukiaga mlango wa mbele, blanketi linatokea mlango wa nyuma, chini ya kitenge, linakwenda nyumba inayofuata. Mtaa mzima unajua. Mimi peke yangu sikujua.

"Mugeni aingie, akute kitanda iko butupu? Ile haya utaibeba wewe?"

Nikamwambia blanketi hilo linamnyima Furaha maziwa.

"Maziwa ya kuomba? Baba yake iko anatumika kazi."

Mama yangu! Nilidhani namfahamu.

Alhamisi, 7 Machi

Baba Furaha ameanguka kiwandani, matofali mikononi. Daktari hakukuta ugonjwa. Njaa tu. Alikuwa anamwachia mtoto bugali wake.

Mademoiselle anasema si wa kwanza. Nikamuuliza kama ndiyo sababu serikali imeona huruma. Akacheka kidogo, bila furaha. Waliopiga kelele ni mapatron, wenye viwanda: watu wanaanguka, kazi inalala. Na serikali inaogopa mgomo, maana wenye njaa wakikaa pamoja wanaanza kuzungumza.

Kumbe. Nami nilifikiri mtu fulani huko juu alimhurumia mtoto. Nimekasirika. Lakini Furaha hajali maziwa yametoka kwenye moyo wa nani.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemwambia Mademoiselle yote. Alizichukua karatasi, akazipitia moja moja. Jekundu, jekundu, jekundu. Akakaa chini, mkono mdomoni. Kesho tutarudia, na bwana mkubwa wa ofisi atakuja kujionea mwenyewe.

Nimewasaliti wanawake wa mtaa mzima. Mama haongei nami. Akilipeleka blanketi tena kesho, mimi ni mwongo na Furaha amekwisha. Nimemwambia hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Alinigeuzia mgongo.

Jumamosi, 9 Machi

Nilitoka nyumbani nikamwacha mama amelikalia blanketi, kama kuku juu ya mayai. Analia. Sijawahi kumwona akilia, hata siku ya kumzika baba.

Kwa Maman Furaha: majani ya migomba makavu, juu yake gunia. Hicho ndicho kitanda chao, watu watatu. Nimeishi hatua hamsini kutoka hapo miaka yote, sikujua! Bwana mkubwa alivua kofia, hakuuliza swali hata moja. Maman Furaha alitazama ukuta mpaka tukaondoka.

Furaha ameandikwa. Nyumba nyingine nyingi pia.

Jumatano, 13 Machi

Maziwa yamefika foyer. Furaha alimaliza kikombe, kisha akalia kwa sababu kimekwisha. Amelia kwa sauti. Mama yake alinirudishia kikombe bila kunitazama.

Nimerudi nyumbani mchana. Kitanda cha mama kitupu. Nilimuuliza blanketi liko wapi.

"Iko kwa Furaha. Sasa hakuna mugeni," akasema, akaendelea kuchambua mboga za lengalenga.

Nikavuta kigoda, nikamsaidia.