Vikadi vya Cherehani

6 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi ni wazima, ila Baba ana mafua na anasingizia vumbi la mbao. Wasiwasi wetu ni wewe na mgongo wako. Je, chumba cha kupigia pasi huko kazini bado ni tanuri? Mimi nimemaliza vitabu vyote vya kabati la darasa, sasa nasoma maelezo ya chupa za dawa.

Mdogo wangu hajapumzisha mdomo tangu uondoke. Jana alimsimulia fundi bomba ndoto yake nzima, hadi fundi akasahau spana hapa. Jina la utani la Cherehani ulimpatia kweli. Barua yake nimeiweka ndani ya hii.

Mwanao,
Kifungua mimba

19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unanisumbua kwenye ngazi tu. Mwambie Baba anywe maji ya moto, aache kugombana na vumbi.

Sasa nijibu swali moja. Cherehani ana miaka saba, naye ameandika: “Nimefarijika mno kupokea waraka wako.” Mwanangu, hata baba yako hajawahi kufarijika mno! Barua zake zote mbili zina sauti yako. Sina hasira. Ila huku simu tunaigombania, na mashine za kufulia humeza nusu ya maneno. Barua ndiyo njia yangu ya kumsikia, na nusu mwaka sijamsikia. Kumetokea nini?

Mama yenu

2 Machi

Mama,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri, Baba amepona mafua. Mimi nina aibu.

Ile barua ya kwanza aliiandika mwenyewe, mistari minne. Herufi zilikuwa zimelala kama walevi. Nikaona utasikitika, nikainakili upya, na nilipokuwa nainakili nikaongeza maneno mazuri. Ile yake nikaifanya alama ya ukurasa kwenye kitabu changu. Akaiona. Hakulia, Mama. Alisema tu, “Basi andika wewe, si unajua?” Ya pili nimeitunga yote mimi.

Tangu hapo hagusi penseli. Mwalimu wake anasema wenzake wakiandika, yeye huficha mkono mfukoni. Nimemnunulia daftari jipya, nimemwekea mifano, nimemwahidi peremende. Peremende alizila. Daftari ni jeupe. Mimi ninayependa maneno kuliko wali ndiye niliyemfanya ayaogope. Nifanye nini?

Kifungua mimba wako

11 Machi

Mwanangu,

Umesema kweli, na hilo limenipunguzia joto la pasi. Usijipige sana. Ulitaka kunifurahisha, ukapitiliza.

Hapa kazini kila furushi la nguo hufungwa kikadi chenye uzi. Ni kidogo kama kiganja cha mtoto, hakichukui zaidi ya maneno matatu. Tunaandika: “Doa la wino.” “Kifungo hakuna.” Hata mwenzangu ambaye hakumaliza darasa la pili huandika vyake, na hakuna nguo iliyowahi kupotea mikononi mwake. Msimamizi ametugawia vya zamani visivyotumika, nakutumia rundo.

Mpe Cherehani. Mwambie Mama amesahau nyumba ilivyo, afunge kikadi kwenye kila anachotaka nikikumbuke. Wewe usiguse, usirekebishe, usisifu kama mwalimu mkuu. Kaa karibu tu.

Mama yenu

30 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo, na mgongo umeamkaje?

Siku tisa vikadi vilikaa mezani bila kuguswa. Nami nilikaa karibu, nikisoma ukurasa uleule. Siku ya kumi nilikuta kimoja kwenye mlango wa jikoni: “Unalia.” Kweli unalia, bawaba hazina mafuta! Kesho yake, kiti cha Baba: “Anakoromea hapa.” Baba alikisoma akasema, “Nani kanisema vibaya?” Cherehani akacheka hadi akaketi sakafuni.

Kulikuwa na herufi iliyogeuka nyuma mbele. Nilikalia mikono yangu, Mama, kwa maana halisi. Akaniuliza:

“Husahihishi?”
“Hapana.”
“Hata kidogo?”
“Kikadi ni chako.”

Akanitazama kama anayehesabu meno ya mbwa. Kisha akaenda kuandikia ndoo. Sasa nyumba nzima ina nyuzi, na juzi shuleni alitoa mkono mfukoni. Aliandika mstari mmoja. Mwalimu alikuja kutuambia kwa miguu yake.

Asante, Mama. Ningeendelea kumnunulia madaftari hadi leo.

Kifungua mimba

14 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Natumai hujambo, na Baba hajambo. Mimi leo sijui mgongo uko wapi.

Nimepokea bahasha nene, anwani kwa mkono wa Baba. Nilidhani ni yenu. Ndani mlikuwa na vikadi kumi na tisa, vimeunganishwa kwa uzi mmoja. Nilivisoma nimeketi juu ya furushi la mashuka, na wenzangu wakanishikia zamu. Nimemsikia mwanangu. Anaruka kutoka jambo hadi jambo vilevile, anauliza kabla hujajibu la kwanza.

Sitakuambia vyote, ni vya kwetu wawili. Cha kwanza kinasema: “Dada hajaona hii.” Usinune! Kilinifurahisha kuliko waraka wowote.

Ila cha mwisho kinakuhusu, nami nimetumwa. Yule asiyenyamaza hata akila, huyo anayemweleza fundi bomba ndoto zake, ameandika hivi, pande zote mbili za kikadi: “Mwambie Dada asante. Mimi naona aibu.”

Basi nakuambia: asante.

Mama yenu