Majigambo ya Gahongayire

Nyamirambo, Kigali
16 Machi 1991

Kwa dada yangu Illuminée,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji Achille na watoto, na ziwakute nyote na afya. Iteka bado anakohoa? Mpe tangawizi na asali, uachane na wauza dawa za rangi rangi. Sisi huku tunapumua. Siku hizi mtu akiulizwa hali akajibu kwamba anapumua, watu wanaona amejibu vizuri. Mama anakusalimu sana. Macho yake yamezidi kufifia, lakini masikio ni yaleyale, bado anasikia sufuria ikifunuliwa nyumba ya tatu. Leo jioni tutautazama mwezi, ukionekana basi kesho tunaanza kufunga.

Barua hii anakuletea Spéciose, anayevuka mpaka kuja huko kununua vitenge. Hajui kilichomo, usimwambie. Ukishaisoma itie motoni.

Umeniuliza mara mbili kwa nini Mzee Silvère hajibu barua zako, kama ile sweta ilimfika, kama kuna neno umemkosea. Barua zako zote mbili nilizipata. Nilizisoma nikaziweka, maana kila nikishika kalamu mkono ulikataa. Sasa nasema mara moja, kama mtu anayechomoa mwiba. Baba yako amekamatwa. Walimchukua mwishoni mwa mwezi wa pili, shuleni kwetu, ndani ya darasa langu. Sweta ilimfika. Alikuwa ameivaa.

Kaa kwanza, dada. Mwite Achille akae karibu nawe. Nitakueleza tangu mwanzo, kwa sababu ukisikia kwa watu utaambiwa kwamba baba yako alikuwa akiwafundisha watoto nyimbo za waasi, na sivyo.

Unanijua, sisikii jambo zuri nikaliacha lipite. Mwaka jana niliona watoto wangu wa darasa la tano wakishapata chakula cha mchana wanalala macho wazi, nami nasema peke yangu mbele kama redio. Nikamwambia mkuu wa shule tuwaite watu wenye ujuzi waje kuwafundisha kwa mikono yao. Akakubali, mradi isiwe gharama. Kwanza alikuja mama mmoja msuka vikapu. Halafu nikamkumbuka Mzee, aliyetutumbuiza utotoni pale uani kwenu, tulipokuwa majirani, kabla hajafiwa na mama yako na kurudi mlimani kwao. Nikapanda mlima wa Kibagabaga kumwomba. Alinisikiliza, akaniuliza swali moja tu, kama hao watoto wanajua kunyamaza. Nikamwambia hawajui. Akasema basi ataanza na hilo.

Illuminée, laiti ungemwona. Aliingia na inanga yake, lile zeze la ubao, begani imefunikwa gunia, akakikataa kiti, akaketi chini kwenye mkeka. Aliwanyamazisha bila kusema kitu, mpaka tukasikia cherehani za mafundi ng'ambo ya barabara. Ndipo akapiga. Watoto ambao mimi nimewapigia kelele mwaka mzima walikaa wima. Nilimwonea wivu kidogo, sikufichi.

Vita vilipoanza mwezi wa kumi tulisimamisha. Januari tukarudi, kwa kuwa watoto waliniuliza kila siku. Njiani palikuwa na vizuizi, na askari walimlazimisha apige kidogo ndipo wampishe. Akifika alikuwa akicheka, anasema wale nao ni wanafunzi wake ila wanaelewa polepole.

Mwezi huo ndipo alipoanza kuwafundisha majigambo, ile kwivuga ya wazee, mtu anasimama mbele za watu na kujitaja kwa sifa zake. Aliwaambia kwamba mtoto bado hana matendo, kwa hiyo aazime ya baba yake au ya kaka yake, lakini maneno yawe yake mwenyewe. Anayeiba majigambo ya mwenzake, alisema, ni mwizi kuliko mwizi wa ng'ombe, kwani ng'ombe anaweza kurudishwa. Wasichana nao aliwaruhusu, ingawa zamani haikuwa kazi yao. Tulicheka siku hizo! Kuna mmoja ambaye baba yake ni dereva wa lori, akajiita Mwana wa Aliyeushinda Usingizi Njia ya Mombasa. Mwingine alimsifu shangazi yake aliyemchapa kibaka kwa mwiko wa sambusa.

Mimi sikuyapitia majigambo yao kabla. Mzee alinikataza. Alisema majigambo hayapitiwi, yanazaliwa mbele za watu, na yakishasikiwa mara ya kwanza yamekwisha kuwa jina la mtu.

Darasani kuna msichana wa miaka kumi. Jina lake silitaji, namwita hapa Gahongayire, lilikuwa jina la bibi yake. Mama yake, naye namwita Mukasine, ni yule mshonaji aliyekushonea gauni la ubarikio. Mtoto huyu alikuwa mpole, na kila mara zamu yake ilipofika alisema majigambo yake bado hayajaiva. Kaka yake hakuonekana tangu mwezi wa kumi na moja. Mukasine aliwaambia majirani kwamba amekwenda Bukavu kujifunza ufundi wa magari, na majirani wote wakaitikia kwamba ufundi wa magari ni kazi nzuri. Unaujua mtaa wetu, watu wanajua na wananyamaza.

Basi mkuu wa shule akaleta mgeni. Bwana mmoja wa serikali, beji kifuani, amekuja kuona jinsi shule yetu inavyotunza utamaduni. Aliwekwa kwenye kiti changu. Watoto wawili watatu wakajigamba, mgeni akapiga makofi. Ndipo Gahongayire akainua mkono. Nilifurahi, Illuminée. Mungu anajua nilifurahi, nikampa ishara asimame.

Alisimama, mguu mmoja mbele kama alivyofundishwa, ameshika rula badala ya mkuki, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kinywani mwake:

Mimi ni Asiyetetereka, dada wa Aliyeondoka Kabla ya Jogoo.
Kaka yangu amevuka mpaka, hakuaga, hakugeuka.
Babu zetu walitoka na vifurushi,
yeye atarudi na bunduki.

Kuna mtoto alipiga makofi, akaacha. Mgeni aliinuka taratibu akamwendea, akamwuliza kwa upole kaka yake anaitwa nani. Mtoto alifungua mdomo ajibu, kwa fahari, maana mgeni mkubwa amependa kazi yake.

Hapo Mzee akacheka kwa nguvu. Akamwambia mgeni asisumbuke na mtoto, maneno yale ni yake yeye, ya siku nyingi, na huyu msichana ameyaiba alipomsikia akijizoeza ukumbini. Gahongayire akageuka. Akasema hapana, ni yake, ameyatunga nyumbani, kila neno. Mzee akaupiga ubao wa inanga kwa kiganja akamkemea, na sauti ile hata wewe hujawahi kuisikia. Alimwita mwizi. Alimwambia ameiba na sasa anaongeza uongo, akae chini, watoto wenziwe wamtazame. Mtoto akakaa. Wakamtazama.

Mgeni akamwuliza Mzee, huyo kaka atakayerudi na bunduki ni yupi basi. Mzee akajibu kwamba ni mdogo wake yeye, aliyevuka mpaka mwaka wa hamsini na tisa. Je, ni kweli anaye? Wewe hukunitajia kamwe baba mdogo. Wakatoka naye. Inanga aliifunga ndani ya gunia lake akaniachia mezani, akasema nimwekee. Iko chini ya kitanda cha Mama.

Tangu siku hiyo nimehangaika, na mahangaiko yangu hayajazaa kitu. Nilikwenda kuuliza, nikaambiwa nirudi. Niliporudi nikaambiwa hawamjui. Safari ya tatu askari alikitaka kitambulisho changu, akakitazama muda mrefu, akaniuliza mwalimu wa Kiislamu ana undugu gani na mzee huyo. Miguu yangu ikarudi nyumbani yenyewe. Nimepeleka chakula, wamekipokea, chombo hakikurudi. Nilimwendea mkuu wa shule, naye akafunga mlango wa ofisi akaniomba nisimtaje popote. Mtu mmoja aliyeachiliwa juzi anasema aliona mzee mwenye sweta ya kijani, mzima, lakini hana hakika. Nimeishikilia hiyo sweta ya kijani, sina kingine.

Mukasine alikuja kwangu mchana, ameshika utepe wa kupimia, ili mtu akiuliza aseme amekuja kunipima suruali. Akanipima kweli, mara mbili. Mwisho akasema, "Mwarimu, mutoto iko analia kila siku, anasema ye si mwizi. Miye nitamwambia nini?" Tulifikiri, tukaona tusimwambie kitu. Ukimwambia Gahongayire ukweli, atakwenda mwenyewe mpaka kwa wakubwa kusema yale maneno ni yake. Ndivyo alivyo, na ndivyo Mzee alivyomfundisha.

Sasa, dada yangu, hapo juu nimeruka mahali. Niliposema wakatoka naye, hawakutoka hivi hivi.

Mzee alipomaliza kusema, mgeni hakumwamini. Mtoto alikuwa bado analia kwamba maneno ni yake, na machozi yale yalikuwa na ukweli wa kutosha kumpeleka Mukasine jela na nyumba yake kupekuliwa mpaka chini ya mafiga. Mzee akasema, muulizeni mwalimu, yeye anayajua. Kisha hakunitazama tena. Akashughulika na gunia lake, kama mtu aliyekwisha kumaliza kazi na anangoja kuaga. Mgeni akanigeukia. Akaniuliza majigambo haya ni ya nani.

Wewe unaujua mdomo wangu. Mdomo huu ulimtania padri, ulibishana na shehe, wazee walisema utaniponza siku moja. Siku hiyo haukupata hata utani mmoja. Nilisema, "Ni ya mzee." Nikatakiwa niseme tena, mkuu wa shule akiwepo, nikasema. Nikaletewa karatasi nitie sahihi, nikatia.

Kwa hiyo ni mimi, Illuminée. Baba yako yuko ndani kwa neno langu. Nimejaribu kulitafuta jibu jingine, nikiwa darasani, nikiwa natawadha, nikila. Silioni. Wakiniita kesho nitasema vilevile, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwamba hata majuto yangu hayana pa kwenda.

Na bado kuna moja. Jana Gahongayire aliinua mkono darasani, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Aliuliza kama ni kweli mzee wa inanga amefungwa. Nikasema ni kweli. Akaomba ruhusa ya kujigamba, kwa sababu sasa ana majigambo mapya ambayo hakuna wa kusema ameyaiba. Ningemkatalia vipi? Akasimama, mguu mbele, rula mkononi:

Mimi ni Aliyeibiwa Mchana Kweupe.
Mwizi wangu alikuwa na mvi, nami sikumwogopa.
Alichukua maneno yangu akaondoka nayo,
Mungu akamfungia mlango.

Watoto walimpigia makofi mpaka madawati yakacheza. Nami nilipiga, nikitazama dirishani. Ni mazuri, Illuminée. Ni mazuri kuliko yale ya kwanza. Pumzi iko mahali pake, hakuna neno la ziada, kila kitu ni kama alivyomwonyesha baba yako. Angeyasikia angesimama kwenye mkeka wake na kumpa mkono.

Wasalimie Achille na Iteka na wote waliopo. Usije huku. Najua ukisoma hapa umekwisha kuwaza basi, lakini usije, hutaambiwa zaidi ya nilivyoambiwa. Nikisikia lolote nitamtafuta mtu wa kuja kwako siku hiyo hiyo.

Desturi yetu unaijua, umekulia ndani yake. Kabla ya kufunga watu huombana radhi. Utotoni nilikuwa nakuja mlangoni kwenu mwezi ukiandama, kukuomba radhi kwa muwa wako nilioula, nawe ulikuwa unanisamehe nusu, nusu nyingine mpaka nirudishe muwa. Safari hii sina cha kurudisha. Nusu itanitosha.

Ndugu yako,
Shafiq