Macho ya Neema na kipepeo wake

Jumanne

Macho ya Neema bado yamevimba. Mimi ndiye niliyemtuma mjukuu wangu, siku kumi zilizopita, kumchumia kiwavi wake majani yenye utomvu mweupe. Nilisahihisha mchoro wake wa yai, kiwavi, pupa na kipepeo, lakini sikumwambia anawe mikono. Akajisugua macho kwa utomvu ule.

Muuguzi ameyafunga yote mawili hadi kesho. Hakuahidi kitu.

Na jioni hii kipepeo ametoka kwenye pupa, rangi ya chungwa, akakausha mabawa dirishani. Wenzake wameanza kushuka kuelekea bondeni, Kamanyola.

"Tate, umuambie asiende bila mimi kumuona," Neema alisema. "Weye iko mwalimu, atakusikia."

Nimefunga dirisha. Naogopa kwamba kesho kipepeo atakuwepo, na Neema hatamwona.