Mke Wangu Peke Yake Angani Hadi Calgary

Dada Shamima,

Mimi hukusikiliza redioni kila Jumamosi hapa Uriri nikipalilia miwa, na leo ni mimi naomba msaada, maana nyumba yangu imenyamaza na mimi ndiye nimeinyamazisha. Binti yetu Irine ni muuguzi huko Calgary, Kanada, anatarajia mtoto wa kwanza mwezi ujao, akamtumia mama yake tiketi, na mke wangu Rispa alifurahi mpaka akaanza kukaanga omena, dagaa wetu wa ziwani, za kubeba, lakini mimi nikamuuliza jirani yetu Machuki, ambaye amewahi kufika huko, akaniambia ni karibu kilomita elfu kumi na nne, masaa kama tisa kutoka Nairobi hadi London, kungoja hapo, halafu masaa mengine tisa juu ya maji na barafu, na tangu siku hiyo usingizi umenipotea. Rispa hajawahi kupanda ndege. Hata tukivuka ziwa kwa boti kwenda kisiwa cha Mfangano hufunga macho, na mimi ndiye humshika mkono.

Basi juzi nikamwambia, "Mama Irine, huendi. Huko ni mbali sana."

Nilidhani atabishana. Akaniangalia tu, akasema, "Sawa, Baba Irine," akarudisha sanduku juu ya kabati. Jioni nikamsikia akimwambia binti yetu kwa simu, "Baba yako hajisikii vizuri, siwezi kumwacha." Mimi ni mzima, dada. Irine akalia, na nilisikia. Sasa Rispa ananipikia, ananiwekea maji ya kuoga, lakini haimbi tena akichuma mboga. Nikimruhusu, nani atamshika mkono masaa hayo yote?

Fanuel, Uriri

Mzee Fanuel,

Nimesoma barua yako na nimempenda mke wako. Wewe pia nimekupenda, ila ngoja kwanza nikugombeze. Anayeogopa hapo ni wewe. Ulimuuliza Rispa kama anaogopa? Barua nzima sijaona jibu lake. Pengine anaogopa na bado anataka kwenda. Tena amekusitiri: amesema wewe ni mgonjwa ili Irine asikukasirikie. Mke kama huyo unamzuilia nini?

Umbali ni wa kweli, sitakudanganya. Mama yangu alitoka hapa Homa Bay kwenda kwa kaka yangu Yassir, Toronto, na Kiingereza hajui. Aliporudi alilalamikia chai tu.

Unauliza nani atamshika mkono. Mzee wangu, mwezi ujao Irine atashikwa na uchungu wa kuzaa katika nchi ya watu, na yeye atashikwa mkono na nani?

Kwa hiyo fanya hivi. Leo kabla ya chakula, mshushie Rispa sanduku, umwambie ulikosea. Mpigie Irine mwenyewe, umwambie wewe ndiye ulikataa, usimwachie mama yake mzigo huo. Irine aombe shirika la ndege liweke mtu wa kumwongoza mama London mpaka ndege ya pili, na kiti cha kando ya njia, awe akiinuka kunyoosha miguu. Aulize pia kama omena zinaruhusiwa kuingia.

Halafu msindikize mpaka uwanja wa ndege Nairobi, mpaka pale askari watakapokwambia mwisho wako ni hapo. Ukilia, lia tu. Hapo hakuna anayemshangaa mzee anayelia.

Shamima